Mtu wa Sita Kwenye Kanda

Kazi yangu ni kuondoa kelele, na nyumbani kwangu hakuna kitu kingine ila kelele. Mume wangu akila anaongea, akioga anaimba, akilala anakoroma. Wifi yangu, dada yake huyo, akija kututembelea husikika tangu kona ya barabara, kwa sababu yeye huanza kutoa salamu kabla hajakuona. Mkimya ni mimi peke yangu, tena mkimya mwenye hasira za karibu, kama wanavyosema wao. Nakubali. Mtu anayeshinda na hedifoni masikioni akitafuta mkwaruzo mmoja ndani ya wimbo wa dakika nne hawezi kubakiwa na subira ya kugawia watu.

Watu huniletea kanda zao za zamani: za harusi, za kwaya, za bendi zilizosambaratika. Naziingiza kwenye kompyuta, nazifungua kwa programu ya kutengeneza sauti, nazitibu. Mtaani wananiita Daktari, jambo linalomuudhi daktari wa kweli anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, maana watu wenye homa wamewahi kubisha hodi kwangu. Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo. Kuta zake nimezigongomea magodoro makuukuu ili sauti isirudi, kwa hiyo ukiingia unajiona umeingia ndani ya kitanda.

Jumatatu moja asubuhi mama mkwe wangu aliingia humo na kaseti aliyoifunga kwenye kitambaa. Akakaa kwenye kiti cha pekee kilichomo, akafungua kitambaa taratibu, akaiweka kaseti mezani na kuifunika kwa kiganja.

"Mwanangu, hii ndiyo ile," akasema.

Sikuhitaji kuuliza ile ipi. Katika ukoo wa mume wangu upo ugomvi mmoja tu ulioshindikana kumalizwa, nao umo ndani ya kaseti hiyo. Marehemu baba mkwe alikuwa mwimbaji wa bendi. Bendi yao ilipiga miaka mingi lakini ilirekodiwa mara moja tu, wimbo mmoja, mchana mmoja, kwenye ukumbi wa shule, kwa kipaza sauti kimoja. Mama mkwe anasema siku hiyo yeye ndiye aliyepiga manyanga, vile vibuyu vya kutikisa vyenye mbegu ndani. Baba Mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aliyekuwa mpiga gitaa, anasema siku hiyo manyanga hayakupigwa kabisa. Shemeji yake alileta chupa ya chai, akangoja wamalize kunywa, akaondoka na chupa yake. Mashahidi wengine wote wametangulia mbele ya haki. Wamebaki hao wawili, na kila familia ikikusanyika, watu wakishashiba, wanaanza upya.

Utauliza, kaseti yenyewe si ndiyo ushahidi? Hapo ndipo penye kazi. Aliyerekodi alikuwa mwenye duka la vyombo jirani na shule, mtu aliyenunua mashine wiki hiyo hiyo, akaamini kwamba sindano ya kupimia sauti ikiingia kwenye rangi nyekundu ndipo sauti inapokuwa na nguvu. Akaiacha kwenye nyekundu mwanzo hadi mwisho. Matokeo yake bendi nzima inasikika kama inapiga ndani ya debe, na nyuma yake kuna shhh isiyoisha. Mama mkwe akiisikia shhh hiyo husema, "Huyo ni mimi." Baba Mdogo husema, "Hiyo ni kanda."

Ugomvi huu ulikuwa wa kuchekesha mpaka redio ilipojiingiza. Kituo kimoja cha redio kina kipindi cha nyimbo za zamani kila Jumapili. Mtangazaji alipopata habari za bendi hiyo akamwomba Baba Mdogo apeleke wimbo, uwe umesafishwa, pamoja na orodha ya wapigaji aisome hewani. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Baba Mdogo hakungoja apoe. Aliandika orodha yake siku hiyo hiyo kwa herufi kubwa. Watu watano: mwimbaji, gitaa, besi, ngoma, tarumbeta.

"Mimi sitafuti sifa," mama mkwe akaniambia, kiganja bado kiko juu ya kaseti. "Lakini ikishasomwa redioni watu watano, ndiyo imekwisha hiyo. Hata wajukuu watasema bibi alikuwa anatutania tu. Wewe isafishe. Ukiitoa hiyo takataka iliyomo, nitasikika."

"Mama, nisikudanganye. Kanda hii nimeisikia mara nyingi. Ile shhh ni kanda yenyewe. Kanda zote za zamani zinayo."

"Mwanangu, mimi nilikuwepo."

"Na mimi ndiyo kazi yangu, mama."

Akaniangalia kidogo, si kwa hasira, akautoa mkono kwenye kaseti. "Haya. Daktari ni wewe. Safisha tu."

Ningekuwa na akili siku ile ningemuuliza maswali mawili matatu, alisimama wapi, alianza kupiga wakati gani. Kuuliza si ujinga, lakini fundi akishaitwa daktari miaka kumi huanza kuona kuuliza ni kujishusha. Niliifunga milango yote miwili, wa chumba na wa mdomo, nikaanza kazi.

Na ilikuwa kazi tamu. Kwenye kompyuta sauti huchorwa kama vilima, juu na chini, juu na chini. Pale mashine ilipozidiwa, vilima vyote hukatwa vichwa vikabaki bapa, na ubapa huo ndio unaokwaruza sikio. Programu hutazama mabega ya kila kilima na kukisia kichwa chake kilikuwaje. Inakisia vizuri, lakini ukiiachia wimbo mzima iumalize kwa mkupuo mmoja itakupa bendi ya maroboti. Kwa hiyo nilikwenda kipande kwa kipande, neno kwa neno. Tarumbeta ndilo lililonitoa jasho. Kila nilipolirudishia kichwa lilitoka limepinda, mpaka nikalitukana, na mume wangu akauliza kutoka sebuleni kama ni yeye.

Jumatano mchana baba mkwe akatoka kwenye debe. Sikuwahi kumkuta hai. Alikuwa na sauti nyembamba kidogo, yenye kicheko pembeni, sauti ya mwanamume anayejua kwamba shati lake limepigwa pasi vizuri. Nikamwita mume wangu. Alikuja na kijiko mkononi, akasimama mlangoni, akamsikiliza baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu anioe akanyamaza dakika nne nzima.

"Mke wangu, wewe ni mchawi," akasema, akarudi kula huku anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

Basi kichwa kikanivimba. Ilikuwa imebaki ile shhh tu, kazi ya kumalizia. Dawa yake ni rahisi. Unatafuta mahali ambapo hakuna anayeimba wala anayepiga, kelele tupu, unaiambia programu: onja hii, ikariri, na kila utakapoikuta humu ndani iondoe. Mwanzoni kabisa mwa wimbo, kabla gitaa halijaingia, palikuwa na sekunde nne za shhh, laini, mfululizo, haina doa. Nikaionjesha hizo. Nikabonyeza. Shhh ikaondoka yote, wimbo ukabaki unang'aa.

Nikausikiliza hadi mwisho. Manyanga hakuna. Nikasema moyoni, si nilisema mimi? Nilimwonea mama mkwe huruma, ile huruma ya kijinga ya mtu aliyeshinda. Halafu nikazima kompyuta nikaenda sebuleni kusifiwa, maana mume wangu akianza kusifu hana breki, na siku ile sikutaka awe nazo.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana tukajazana chumbani kwangu. Baba Mdogo alikuja na baiskeli yake, amevaa koti, orodha imo mfukoni, kwani alitaka akitoka kwangu aende moja kwa moja redioni badala ya kungoja kesho. Wifi alikuja na sauti yake. Mama mkwe tukampa kiti. Sisi wengine tukaegemea magodoro.

Nikaucheza wimbo.

Wifi alipiga ukelele, "Baba!" akaanza kulia na kucheza kwa pamoja, na kwa jinsi chumba kilivyo kidogo ilibidi sote tucheze kidogo tutake tusitake. Baba Mdogo alifumba macho, vidole vya mkono wa kushoto vikitembea juu ya goti lake kutafuta nyuzi. Mimi nilikuwa namtazama mama mkwe. Mwanzo alitabasamu, akamsikia mumewe, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesalimiwa. Kisha akainama mbele. Akatega sikio kwenye spika ya kushoto, akahamia ya kulia, akarudi ya kushoto. Alikuwa anajitafuta. Kwenye ubeti wa pili akaacha kutafuta, akaegemea kiti.

Wimbo ulipoisha Baba Mdogo alipiga makofi.

"Mkwe, una mikono! Sasa shemeji, umesikia mwenyewe. Kanda imeoshwa mpaka mfupa. Yako wapi manyanga?" Hakusema kwa ubaya, alisema kwa kile kicheko chake cha kishemeji. "Lakini chai ilikuwa tamu. Hilo nitakushuhudia popote."

Tulicheka wote. Mama mkwe naye alicheka, ila kicheko kiliishia mdomoni.

"Basi labda niliota," akasema.

Miaka yote ya ugomvi ule hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo. Alisema atakwenda jikoni kuchagua maharage, akapita katikati yetu akatoka. Wifi aliacha kucheka. Mume wangu akanitazama kama aliyetaka nifanye jambo. Baba Mdogo yeye alichukua flashi niliyomwekea wimbo, akaniombea maisha marefu, akaenda kutoa baiskeli yake. Mimi niliona aibu, na kilichonikera ni kwamba sikujua aibu ya nini, maana nilikuwa nimesema kweli na mashine ilikuwa imethibitisha.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, sinia la maharage makavu mapajani, analitikisa mara tatu, ya nne analiburuta, ili makapi yajitenge upande mmoja. Hakuinua kichwa.

"Mama, umeudhika?"

"Sijaudhika. Mtu akizeeka anakumbuka hata visivyokuwepo."

Akaendelea kutikisa sinia. Nikachuchumaa kando yake, nikauliza lile nililopaswa kuuliza Jumatatu.

"Siku ile ulianza kupiga wakati gani? Gitaa lilipoingia?"

"Kabla," akasema. "Marehemu alikuwa anapiga manyanga mwenyewe huku anaimba, lakini yule wa duka akamwambia akitikisa anayumba, sauti inakimbia kipaza sauti. Ndipo akanipa mimi. Akaniambia nianze peke yangu, niyatikise taratibu bila kukata, mdogo wake aingie juu yangu. Aliyeufungua ule wimbo ni mimi, mwanangu. Sasa hata hilo naona labda..."

Sikusikia mwisho wake. Nilikuwa nahesabu sekunde nne. Zile sekunde nne laini, mfululizo, zisizo na doa. Nilikuwa nimemchukua mama mkwe wangu mzima mzima, nikaionjesha programu, nikaiambia kila itakapomkuta imwondoe. Na yeye ndiye aliyeniletea kaseti kwa mikono yake ili asikike. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu nililisikia likivunjika pale pale jikoni.

"Mama, usiinuke hapo!" nikasema, nikatoka mbio.

Nilitoka bila viatu. Nilipopita nyumba ya tatu, daktari wa kweli alikuwa anamwagilia maua yake.

"Vipi, Daktari, kuna mgonjwa?"

"Yupo!" nikamjibu bila kusimama.

Bahati ya Mungu, Baba Mdogo hawezi kumpita mtu bila kumsimulia jambo. Nilimkuta kwenye kona kwa fundi viatu, mguu mmoja chini mmoja kwenye pedali, anamweleza habari za sindano na rangi nyekundu. Nikaishika keria ya baiskeli kwa mikono miwili.

"Baba, rudi nyumbani."

"Kuna nini? Mbona uko peku?"

"Nimefuta mtu."

Fundi viatu akaacha kushona. Baba Mdogo akanitazama usoni, akaona sitanii, akageuza baiskeli.

Tulipofika niliwakusanya upya. Mama mkwe nilimkalisha kitini kwa nguvu, na sinia lake mkononi kwa sababu alikataa kuliacha. Kwenye programu yangu, chini kabisa, kuna kisanduku kidogo. Ukikibonyeza unaacha kusikia wimbo uliobaki, unasikia kile tu ulichoondoa. Kimewekwa kwa ajili ya wapumbavu wenye haraka. Kila anayejifunza kazi hii huambiwa siku ya kwanza: kabla hujatupa takataka, ipekue kwanza, usije ukawa umetupa na kijiko. Miaka kumi nimekibonyeza kila mara. Jumatano ile sikukibonyeza, nilikuwa na miadi ya kusifiwa.

Nikawaambia hivyo hivyo, sikuficha. Kisha nikabonyeza.

Mwanzo ilikuwa shhh. Sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu pale ambapo gitaa lingeingia, shhh ikakatika vipande: sha-sha-sha, shaaa. Sha-sha-sha, shaaa. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, hakuna kitu kingine chochote ila hiyo na mvumo wa kanda nyuma yake. Kelele ya kanda haijui kuhesabu. Hii ilikuwa inahesabu hadi nne, na ile ya nne inaiburuta kidogo, vile vile alivyokuwa akiliburuta sinia jikoni.

Wifi alikuwa ameufunika mdomo wake kwa mikono yote miwili, jambo nililokuwa nimeliombea dua miaka sita.

"Lakini kanda nayo," Baba Mdogo akaanza, sauti ikiwa imepungua unene, "kanda nayo ikizunguka vibaya inaweza..."

"Baba Mdogo, nyamaza," mume wangu akasema. Mume wangu!

Manyanga yakaendelea. Yakapita ubeti wa kwanza, yakapita kiitikio. Ilipofika dakika ya pili na kitu, yakasimama ghafla. Pakawa kimya kwa nusu pumzi. Kisha yakapigwa mara mbili, kwa nguvu, cha! cha! na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea.

Baba Mdogo aliruka kutoka kwenye godoro.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Cha! cha!

"Rudisha tena."

Nikarudisha tena. Alikuwa amesimama, mkono kichwani, koti limemvuka bega moja.

"Hapo ndipo nilipopotea," akasema. Hakuwa akisema na sisi. "Yule wa duka alisema gitaa langu lina kelele, akanigeuza nielekee ukutani. Simwoni mtu. Ile shhh ya mwanzo nilidhani ni mashine yake inazunguka, nikahesabu nikaingia. Nilivyofika hapo vidole vikasahau kila kitu. Nikajua nimeharibu kanda ya watu. Mara nikasikia nyuma yangu, mara mbili, kwa nguvu, nikajua nipo wapi, nikarudi. Siku zote nilijua ni kaka amekanyaga sakafu kwa kiatu. Nilimshukuru! Tulipotoka nje nilimshika mkono nikamwambia, kaka, umeniokoa. Akacheka tu."

"Alicheka kwa sababu nilimwomba asikwambie," mama mkwe akasema.

Tukamgeukia sote. Alikuwa anatazama maharage yake.

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa, shemeji. Na asubuhi ile ulikuwa umeshalia mara moja kwa sababu ya uzi uliokatika. Nikasema, huyu mtoto akijua kwamba nilimsikia amepotea hatashika gitaa tena. Nikamwahidi kaka yako kwamba hata mimi sitalisema."

"Shemeji," Baba Mdogo akasema, "miaka yote hii nakuita mleta chai. Ungelisema hilo moja tu, ningekaa kimya."

"Ndiyo. Lakini niliahidi."

Baba Mdogo alitafuta kalamu mifuko yote ya koti, akakosa, akachukua yangu bila kuomba. Akaikunjua orodha juu ya goti. Nafasi ilikuwa imebaki chini, lakini yeye aliandika juu, kabla ya mwimbaji, kabla ya gitaa, kwa herufi kubwa zaidi ya zote. Kisha akaipeleka kwa mama mkwe aisome, akisimama mbele yake mikono nyuma.

"Nisamehe, shemeji."

"Nilikusamehe ukiwa umeelekea ukutani," akasema, na hapo Baba Mdogo akacheka na kulia, na wifi akauachia mdomo wake. Zilitoka kelele zote alizokuwa amezizuia. Mume wangu alimkumbatia mama yake pamoja na sinia, maharage yakamwagika chini, na mimi nikajikuta naruka ruka juu ya maharage kwa miguu mitupu. Nilikuwa na furaha mpaka nikatamani kumpigia simu mtu, ila kila mtu niliyetaka kumpigia alikuwa humo humo.

Mama mkwe akainua mkono. Manyanga yalikuwa bado yanatoka kwenye spika, peke yake, sha-sha-sha, shaaa. Akayasikiliza mpaka yakaisha.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi kabisa." Akafikiri. "Na mume wangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye ile nyingine, mama. Ile safi."

"Kule yupo yeye, mimi sipo. Huku nipo mimi, yeye hayupo."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, tulikuwa hatujaachana hivyo. Nilisimama hapa," akanyoosha mkono mbele ya uso wake, karibu, "naiona shingo yake. Hebu tuweke pamoja."

"Nikiwaweka pamoja, ile shhh ya kanda nayo itarudi. Imeshikana na manyanga, siwezi kuitenga yote. Wimbo hautakuwa safi kama ulivyousikia."

"Irudi. Si nayo ilikuwepo?"

Nilitaka kubishana. Miaka kumi ya kazi ilikuwa inaniambia kwamba wimbo huu unakwenda redioni na jina langu, kwamba fundi wa redio akiusikia atasema Daktari ameshindwa na kikohozi. Nikakiangalia kile kiganja chake kilichonyooshwa hewani kinapima umbali wa shingo ya mtu, nikaona nina upuuzi mwingi. Nikazipanga sauti mbili, moja juu ya nyingine, nikahakikisha zimeanza mahali pamoja, nikacheza.

Akaanza yeye, laini, bila kukata. Gitaa likaingia juu yake, kijana wa miaka kumi na tisa anayetazama ukuta. Ngoma ikafuata, besi, tarumbeta langu lililopinda kidogo. Kisha baba mkwe akafungua kinywa, na safari hii nyuma yake palikuwa na mtu. Sijui niseme vipi. Jana yake niliona sauti ile imekamilika. Haikuwa imekamilika, alikuwa mtu anayeimba amesimama peke yake, na mimi nilikuwa nimemsifu kwa hilo.

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinacheza ukingoni mwa sinia tupu. Kwenye ubeti wa pili akaanza kucheka, cheko la kweli, mabega yanatikisika, machozi yanashuka hayafuti.

"Msikieni!" akasema. "Anakimbia! Mlango wa kiitikio akiuona tu anakimbia. Kila siku nilikuwa namwambia."

Akasogeza kiti mpaka goti likagusa spika ya kulia, kama kwamba mumewe yumo humo. Akaweka kiganja juu yake, akaipigapiga polepole, moja, mbili, tatu, na ya nne akaiburuta.

"Polepole, baba watoto," akamwambia. "Niko hapa nyuma yako."